Sofa Zinakuja na Kontena, Ngazi Haziji: Mbona Basi Fundi Aliyefunzwa na Buda Yake Bado Anahangaika?

Pita Ngong Road ukielekea Racecourse uone mwenyewe. Vitanda, sofa, meza, zote zimepangwa kando ya barabara zikila vumbi. Halafu ingia onlaini, utapata sofa karibu sawa na hizo zimetoka China na unaletewa hadi mlangoni. Tangu Julai 2022, nchi za Afrika Mashariki ziliweka ushuru wa asilimia 35 kwa fanicha za kutoka nje, na bado kontena zinaingia. So ukiskia fundi wa mbao akilia, usishangae.

Lakini kuna kitu kimoja hakiwezi kukuja ndani ya kontena kikiwa tayari kabisa: ngazi ya nyumba yako.

Cheki hii hesabu. Tuseme kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3. Fundi anagawa hiyo mara 17, kila hatua inatoka kama milimita 176. Na lazima zote zilingane, juu mguu wako hukariri hatua mbili tatu za kwanza halafu unaacha kuangalia chini. Moja ikizidi zingine kwa upana wa kidole tu, hapo ndio shosho ataanguka na chai mkononi. Jirani yako naye slabu yake iko mita 2.9, so ngazi yako kwake haiingii. Lazima msee aje na tepu, apige magoti, apime.

Huyo msee mara nyingi hakuenda chuo. Mtaani kwetu kuna mmoja alianza kumshikia buda yake mbao akiwa darasa la tano, na huyo buda pia alifunzwa na buda yake. Siku moja nilimwona akikataa kuanza kazi hadi mwenye nyumba aseme ataweka tailzi gani. Nilidhani anaringa. Kumbe tailzi na simiti yake zikipandisha sakafu baada ya ngazi kuwekwa, hatua ya kwanza inakuwa fupi na hesabu yote inaharibika. Hiyo hakusomea popote. (Mimi niliacha chuo katikati, so nikitetea watu hawana cheti, jua niko na sababu zangu.)

Sasa, ukiwa na payslip unajua makato ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kila mwezi. Serikali imesema milango na madirisha za hizo nyumba zitoke kwa jua kali. Poa sana kwa masikio. Lakini tenda inataka makaratasi: biashara imesajiliwa, ushuru uko sawa, ujuzi wako umethibitishwa. Msee wetu ako na randa, patasi na vijana wawili.

Cheti si ngumu vile watu wanadhani. NITA huwa na mitihani ya ufundi kuanzia gredi ya 3 hadi ya 1, na unapimwa kwa kazi ya mikono yako. Kuna pia mpango wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa. Mimi naona hiyo ni kitu ya maana kuliko semina zote za hasla tumeitwa. Nimeuliza mafundi kadhaa kama wanaijua, wengi waliniangalia tu.

Noma kubwa ni doo, na si doo tu, ni doo yenye subira. Mbao mbichi ukiijengea ngazi inakauka ikiwa ndani ya nyumba, inajikunja, inapasuka, na usiku ngazi inalia kila ukipanda. Fundi mzuri ananunua mbao mapema aiache ikauke, na hiyo inaweza chukua miezi. Hasla Fund ilipoanza Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa hadi Sh50,000, ulipe ndani ya siku 14. Siku 14! Hapo mbao haijaanza hata kukauka.

Halafu kuna siasa ya miti yenyewe. Februari 2018 Ruto akiwa naibu wa rais alitangaza marufuku ya kukata miti, iwe ya siku 90, ikaendelea miaka. Julai 2023 akiwa rais akaiondoa, na mambo yakaishia kortini. Ukiwa na karakana unapanga aje na hiyo?

So ukijenga, mpee fundi dipositi mapema, na umalize salio akimaliza kazi. Usimwambie akuje mwisho wa mwezi.

Wiki iliyopita huyo jamaa wetu aliniita nimsaidie kujaza fomu za mtihani wa gredi ya 3. Tulipofika pahali pa kuandika amesomea wapi, tulikaa kama dakika tano. Mwishowe tukaandika karakana ya buda yake.