Yule "Dokta" wa Ndondo Bomang'ombe Anahitaji Kufundishwa, Siyo Kuchekwa

Kama upo kwenye grupu lolote la WhatsApp la watu wa Boma, klipu umeshaiona. Winga wa timu moja ya mtaani anaingia kushoto, beki anachelewa, anakuja na mguu wote, dogo chini. Filimbi inalia. Anatokea jamaa wa makamo, begi mgongoni, chupa ya maji mkononi, anakimbia huku mashabiki wakiimba "Dokta! Dokta!" Anafika, anashika mguu, anauvuta kama mtu anayeng'oa muhogo shambani. Dogo anapiga yowe, uwanja mzima unacheka. Anamwagiwa maji, anapakwa dawa ya kuchua, anasimamishwa, anarudi kucheza dakika kumi nyingine.

Komenti ndo usiseme. "Dokta wa Chuo Kikuu cha Sokoni." "Huyo mpelekeni Muhimbili akafundishe." Watu wameicheka wiki nzima, wengine wameiweka statasi na wimbo juu.

Sasa hiki hapa ndo hakipo kwenye klipu.

Jioni ile enka ya dogo ilivimba mpaka kiatu kikagoma kuvaliwa. Siku ya nne ndo akapelekwa hospitali kupigwa picha, na picha ikaonyesha mfupa wa nje wa kifundo una ufa. Plasta ngumu wiki sita. Ndani ya wiki hizo sita alikuwa anategemewa kwenda Arusha kujaribiwa na timu moja inayomtaka. Hakwenda. Kazi yake ya kushusha mikungu ya ndizi sokoni nayo ikasimama, na mama yake akabaki anahangaika peke yake na wadogo zake wawili.

Na kuna kitu kingine. Itazame ile klipu tena, safari hii usimwangalie Dokta. Pembeni ya mstari, upande wa kulia, yupo binti amevaa sweta la kijivu, amenyoosha mkono. Huyo binti amesoma fiziotherapia Moshi, amemaliza, anasubiri ajira. Alikuwa anasema "msimvute." Mzee mmoja wa kamati akamjibu, "Dada, kaa pembeni, huu ni mpira." Hiyo sehemu hakuna aliyeiweka statasi.

DOKTA SIYO ADUI

Haki itendeke kwanza. Yule Dokta halipwi hata mia. Alikuwa beki zamani, goti likamtoa mchezoni, na mapenzi yake kwa timu yakamwingiza kwenye begi. Bandeji ananunua kwa hela yake. Mvua ikinyesha yupo, jua likiwaka yupo. Wanaomcheka wengi wao hawajawahi kuchangia hata pakiti ya pamba.

Halafu kuna ukweli mwingine: inawezekana kabisa ule ufa uliletwa na teke la beki, siyo na mikono ya Dokta. Ila mguu ulioumia hauvutwi kabla hujajua umeumia nini, na haupelekwi kucheza dakika kumi. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kusimama pembeni yake akamwambia shika hapa, usishike pale.

Mfano mdogo tu. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa kule Canada walitoa kanuni ambayo leo inatumika hospitali nyingi duniani. Mtu ameumia enka? Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wa nje na wa ndani. Halafu mwambie ajaribu kupiga hatua nne. Mfupa ukiuma pale ulipobonyeza, au hatua nne zikamshinda, aende akapigwe picha. Haitaki mashine wala umeme, ni vidole na macho.

Utasema, kumbe rahisi, hata kwenye simu inapatikana. Ndiyo, inapatikana. Lakini kuibonyeza sehemu sahihi wakati dogo analia, kocha anapiga kelele "mrudishe, mrudishe," mashabiki wako mgongoni na refa anaangalia saa, hiyo simu haikufundishi. Hiyo inataka uwe umeshika enka nyingi kabla ya hii, tena mbele ya mtu anayejua kukuzidi.

WENZETU WANAFANYAJE

Marekani kuna kazi kamili ya watu hawa. Usiwachanganye na trena wa gym anayeposti kifua wazi asubuhi na kuuza programu ya kupunguza tumbo. Hao wa Marekani ni wataalamu wa afya ya wanamichezo: wanazuia majeraha, wanatoa huduma ya kwanza uwanjani, wanamrudisha mchezaji taratibu mpaka awe fiti. Chama chao kilianza mwaka 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa nchi hiyo kikawatambua rasmi kama kada ya afya.

Zamani shahada ya kwanza ilitosha. Mwaka 2015 wakaamua kwamba anayetaka kuingia kwenye kazi hiyo lazima awe na shahada ya uzamili, na kufikia 2022 vyuo vikaacha kupokea wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza. Ndani ya masomo hayo mwanafunzi lazima apate angalau wiki nne mfululizo za kuwa kazini muda wote, siyo darasani: asubuhi mpaka jioni na wachezaji, chini ya mtaalamu anayemsimamia.

Faida yake dunia iliiona tarehe 2 Januari 2023. Damar Hamlin, mchezaji wa Buffalo Bills, alianguka uwanjani Cincinnati na moyo ukasimama, mechi ikiwa laivu kwenye TV. Aliyeanza kumkandamiza kifua alikuwa Denny Kellington, msaidizi kwenye benchi la watu hao hao. Hamlin alipona, akarudi kucheza mwaka huo huo. Julai yake aliwakabidhi tuzo watu wa benchi lile mbele ya kamera, akashindwa kujizuia, akainama analia.

Sasa rudi nyumbani. Desemba 2016, Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ligi ya vijana chini ya miaka 20. Mchezaji kijana wa Mbao FC alifunga goli, na baadaye kwenye mechi hiyo hiyo akaanguka. Hakuamka tena. Nchi ilisikitika, picha zikasambaa na mishumaa, kisha maisha yakaendelea. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika angepona kama angeangukia sehemu nyingine, na haitakuwa haki kumnyooshea mtu kidole. Ila Jumamosi hii kuna vijana wa umri ule ule wataingia kwenye viwanja vya ndondo nchi nzima, na vingi kati ya hivyo havina hata mtu mmoja anayejua kukandamiza kifua.

KILOMITA ZISIZOFIKA 30

Kinachouma zaidi kwa watu wa Boma ni umbali. Ungekuwa unaongelea kijiji cha mbali ambako gari linapita mara mbili kwa wiki, sawa. Lakini kutoka Bomang'ombe mpaka Moshi ni kilomita zisizofika 30, unapanda Haisi unashuka. Na Moshi ipo KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambapo fiziotherapia inafundishwa miaka mingi. Pale pale kipo TATCOT, chuo kilichoanza 1981 cha watengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi kibao za Afrika. Watu wanapanda ndege kuja kusoma mambo ya viungo chini ya mlima huu. Mpira unachezwa hapo hapo chini ya mlima, na mguu unavutwa kama muhogo.

Elimu ipo. Tatizo ni kwamba njia ya mwanafunzi huwa inaishia wodini na kliniki. Anajifunza mgonjwa wa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mzee aliyevunjika nyonga, majeruhi wa bodaboda. Hayo yote ni muhimu na hakuna wa kuyapuuza. Lakini mchezaji anayeumia sasa hivi, dakika ya 30, jasho linamtoka na anataka kurudi, huyo anapatikana uwanjani. Akifika wodini ni siku ya nne, kashavutwa.

Kwa hiyo kuna wadau wanaosema nasi tuige Marekani, iwe uzamili kwa kila mtu. Wazo hilo linapendeza masikioni, ila litazame vizuri. Hata huko kwao kuna kelele kwamba ada imepanda na mishahara haijafuata. Hapa ukiweka uzamili kama kiingilio, utapata watu wachache, wote watamezwa na klabu kubwa za Dar, na Boma itabaki na Dokta yule yule na begi lile lile. Uzamili uwepo kwa ajili ya watakaofundisha na kusimamia wengine, maana bila hao hakuna wa kusimama pembeni ya mwanafunzi. Kwa uwanja wa mtaani, cha kwanza kuiga ni zile saa za kazini chini ya usimamizi.

HELA IPO, INAENDA KWINGINE

Jibu la kamati nyingi za ndondo linajulikana: "Hatuna hela." Haya. Bingwa anaondoka na ng'ombe, na kwa sehemu inayoitwa Bomang'ombe hilo halishangazi. Jezi zina majina mgongoni. MC analipwa. Spika zinakodiwa, zinasikika mpaka barabara kuu ya Arusha. Fainali inakuwa na mgeni rasmi na maji ya chupa mezani. Kwenye orodha yote hiyo, anayeangalia miguu ya wachezaji ishirini na mbili ndo mtu pekee asiye na fungu.

Wazee nao wana lao: "Sisi tulicheza bila mambo hayo." Kweli walicheza. Mwombe mmoja wao apande ngazi za ghorofa moja tu umwangalie magoti.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri bajeti ya Dodoma.

Kwanza, vyuo vya afya vya Moshi na kamati za mashindano zikae mezani. Wanafunzi wa fiziotherapia wa miaka ya mwisho wapangiwe Jumamosi za ndondo pamoja na msimamizi wao, na saa hizo zihesabiwe kwenye mafunzo yao. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi, Kilimanjaro Marathon inajaza Moshi maelfu ya wakimbiaji wenye misuli iliyokaza na malengelenge. Hilo nalo ni darasa.

Pili, mechi isianze bila vitu vitatu: mtu mmoja aliyefundishwa, machela, na gari ambalo dereva wake anajulikana na simu yake inapatikana. Na aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama ndo mfungaji bora. Neno la mwisho liwe la mtu wa afya, kocha akubali.

Tatu, na hili watu watalipinga, mwanafunzi wa kwanza awe Dokta mwenyewe. Wachezaji wanamwamini. Anajua nani ana goti bovu na nani anaficha maumivu ili apangwe. Msalaba Mwekundu wanatoa mafunzo ya huduma ya kwanza, apelekwe, na timu imlipie. Halafu uwanjani awe chini ya yule binti wa sweta la kijivu. Mmoja anawajua watu, mwingine anaijua kazi. Na siku moja moja mzee wa kamati naye akae pembeni.

Dogo ametolewa plasta. Anachechemea, na kama kawaida watu wameshaanza kumuuliza anarudi lini. Jibu analo yule binti, maana ndiye anayemfanyisha mazoezi jioni nyuma ya nyumba yao, bure: kusimama kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka ngazi, taratibu. Timu ya Arusha haijasema kama itamsubiri.

Na kwa taarifa za mtaani, juzi Dokta alikwenda pale nyuma ya nyumba. Hakubeba begi. Alitaka kujua ule mguu alitakiwa aushikeje.

Haya, uwanja wa komenti ni wako. Timu ya mtaani kwako ina nani kwenye begi, na ukianguka wewe, ungependa nani akufikie wa kwanza?