Glakoma si mtoto wa jicho

Sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi wetu kwamba hakuna uhusiano wa lazima baina ya neno na kitu linachokitaja. Kauli hiyo ni sahihi darasani. Mbele ya daktari wa macho, hata hivyo, jina laweza kumponza mtu. Yapo maradhi mawili ya macho ambayo wengi wetu huyachanganya, na mchanganyiko huo huwagharimu baadhi yetu uwezo wa kuona.

Ya kwanza ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho, ambayo kwa kawaida ni angavu, huingia ukungu. Mgonjwa wa aina hii, hata akichelewa, aghalabu bado ana matumaini: hupasuliwa, akatiwa lenzi ya bandia, akaona tena. Ya pili ni glakoma. Hapa kinachoharibika ni neva inayopeleka habari kutoka jichoni hadi ubongoni. Neva hiyo ikifa haifufuki, wala hakuna miwani, dawa au upasuaji uwezao kurejesha sehemu iliyopotea. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi anayeambiwa na jirani kuwa ana mtoto wa jicho, akangoja "aive" ndipo aende hospitalini, huenda anangojea upofu.

Mkanganyiko huu ni wa kale. Neno glakoma latokana na neno la Kiyunani lililotaja rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati, na matabibu wa zamani hawakuyatenga barabara maradhi haya mawili. Mwaka wa 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alibuni chombo cha kutazamia ndani ya jicho, na tangu hapo madaktari wakaweza kuiona neva ya mtu aliye hai. Kwao shaka iliondoka. Kwetu bado ipo.

Wapo watakaosema kuwa tayari tuna jina zuri, "presha ya macho". Sikatai kwamba lina ukweli ndani yake. Ndani ya jicho hutengenezwa umajimaji ambao hupita na kutoka kupitia vijitundu vidogo mno. Njia hiyo ikiziba, umajimaji hulimbikizana na shinikizo kupanda, nayo neva huumia. Hata hivyo, jina hili lina hila tatu. Kwanza, msikilizaji hudhani ni presha ya damu. Akipimwa mkono na kuambiwa yu salama, huamini kuwa na macho yake ni salama. Pili, shinikizo la kawaida la jicho huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo wanaougua glakoma ilhali lao halijavuka kiwango hicho. Tatu, neno presha humfanya mtu atarajie maumivu. La hasha! Aina iliyoenea zaidi miongoni mwa Waafrika haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembezoni mwa upeo wa macho, huku mgonjwa akiendelea kusoma gazeti vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ipo pia aina ya ghafla, yenye maumivu makali, jicho jekundu, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa maradhi haya hayabishi hodi, dawa ya kwanza ni kupimwa kabla ya dalili. Daktari hupima shinikizo, huitazama neva kwa kumulika ndani ya jicho, na huchunguza upana wa upeo wa macho. Kusoma herufi ukutani au kununua miwani sokoni hakutoshi. Walio katika hatari zaidi ni waliotimu miaka 40, wenye mzazi au ndugu wa damu anayeugua, wasioona mbali, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Matibabu ni matone ya kila siku, mwali wa leza, au upasuaji wa kuufungulia umajimaji njia. Yote hulinda kilichosalia tu. Anayeacha matone kwa sababu haoni nafuu amekosa kuelewa kazi yake. Naye mwenye pumu amwambie daktari mapema, maana baadhi ya matone, kama vile timololi, yaweza kumdhuru.

Walimu wenzangu, wengi wetu tumeshavuka miaka 40 na riziki yetu imo machoni: tunasahihisha, tunasoma, tunaandika ubaoni. Tuende tukapimwe. Kisha tufundishe. Mwanafunzi wa biolojia huchora jicho na kutaja sehemu zake; na aambiwe pia neva ile hufaje. Mwanafunzi wa Kiswahili naye aandike insha itakayomweleza nyanya yake, kwa lugha anayoielewa, tofauti ya maradhi haya mawili. Tuliite jina lake, glakoma, na kila tulitajapo tuongeze maelezo mafupi: ugonjwa unaoua neva ya jicho kimyakimya. Lugha iliyokwisha kupokea malaria na saratani haitashindwa na neno moja zaidi.