Kabla ya kuhamia nje ya mji, piga hesabu ya nauli na usingizi wa mtoto

Familia nyingi za Dar es Salaam zinahamia mbali na katikati ya jiji. Waliokuwa wamepanga Magomeni, Sinza au Kinondoni sasa wako Kivule, Chanika, Chamazi, Goba na Bunju. Wengine wamevuka mpaka wa mkoa na kufika Kibaha. Sababu zinafanana: watoto wameongezeka, kodi imepanda, na huko nje mtoto anapata uwanja wa kuchezea.

Si uamuzi mbaya. Tatizo ni kwamba wengi huufanya kwa kuangalia kodi ya mwezi peke yake, kwa sababu ndiyo dalali anayoitaja kwanza. Gharama nyingine huonekana wiki ya pili, wakati vyombo vimeshapangwa na kodi ya miezi sita imeshalipwa.

Chukua mfano wa baba na mama wanaofanya kazi Kariakoo. Tabata wanalipa Sh150,000 kwa mwezi, na Chanika wamepata nyumba ya Sh80,000. Wanaona wameokoa Sh70,000. Lakini kutoka nyumba hiyo mpya hadi kituoni ni bodaboda ya Sh1,000, na daladala inawaongezea Sh500 kila safari. Kwa kwenda na kurudi, kila mmoja anatumia Sh3,000 zaidi kwa siku. Kwa watu wawili na siku 24 za kazi, hiyo ni Sh144,000. Nyumba ya bei nafuu imewagharimu Sh74,000 zaidi kila mwezi.

Bado muda haujahesabiwa. Safari ikiongezeka saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila mzazi anapoteza saa 48 kwa mwezi, sawa na siku mbili nzima, usiku na mchana.

Anayelipa saa hizo kwanza ni mtoto. Baba akitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, anamwacha mtoto amelala na kumkuta amelala. Madaftari hayakaguliwi, na aliyepigwa au kutishwa njiani hana wa kumwambia.

Hali huwa mbaya zaidi pale familia inapohama na mtoto akabaki shule ya zamani. Mtoto wa darasa la pili anaamshwa saa kumi ili awahi gari la shule, kisha anasinzia darasani na mwalimu anadhani ni mvivu. Anayetegemea daladala ana shida nyingine: nauli ya mwanafunzi ni ndogo, hivyo makondakta wengi humkwepa. Anabaki kituoni giza likiingia, na mzazi hajui nani amemsogelea wala nani amejitolea kumpa lifti.

Kwa hiyo, shule itangulie nyumba. Kabla ya kutoa fedha, nenda shule iliyo karibu na nyumba hiyo, uliza kama kuna nafasi na wanafunzi wangapi wanakaa darasa moja. Kisha tembea kwa miguu njia atakayopita mtoto. Angalia kama kuna barabara kuu ya kuvuka, pori, korongo au pagale. Zungumza pia na mwalimu mkuu wa shule anayosoma sasa kuhusu uhamisho, ili usije ukahama ndipo uanze kuhangaika.

Hatua ya pili ni kuijaribu safari yenyewe. Dalali hupenda kuonyesha nyumba Jumamosi mchana, barabara ikiwa nyeupe. Nenda Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, panda magari utakayopanda kila siku na uangalie saa mpaka unafika kazini. Rudi jioni kwa njia hiyohiyo. Ukifika usiku, tazama kama njia ya kutoka kituoni ina taa na watu.

Hatua ya tatu ni maji ya mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu nyumba nyingi za mabondeni, hasa Bonde la Msimbazi, na baadhi ya familia zikapelekwa kuanza upya Mabwepande. Hata huko pembezoni yapo mabonde na mikondo inayokauka kiangazi na kujaa masika. Tazama alama za maji ukutani, na waulize majirani, si dalali, Aprili maji hufika wapi. Kwa anayetaka kununua kiwanja, akumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza kuhusu wizi, ulinzi wa usiku, na kama anayejiita mwenye nyumba anafahamika kweli. Ulizia maji: ni ya DAWASA, ya kisima chenye chumvi, au ya kununua kwa madumu? Luku ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine? Mkataba uwe wa maandishi, na kila shilingi iwe na risiti.

Baada ya hapo, wazazi wakae wawili na kulinganisha nyumba kwa jumla ya kodi, nauli, maji na muda wa njiani. Mara nyingine itaonekana kwamba vyumba viwili vidogo Kimara, karibu na mwendokasi, vinaifaa familia kuliko nyumba nzima inayohitaji bodaboda na daladala mbili. Mara nyingine nyumba ya mbali itashinda, hasa kama mzazi mmoja anafanya kazi au biashara hukohuko na shule iko jirani.

Watoto huzoea kulala watatu chumba kimoja. Kuamka saa kumi kila siku kwa miaka yote ya shule ya msingi ni jambo jingine, na hilo mzazi anaweza kulizuia leo, kabla hajampa dalali hata shilingi.