Taa za kesho zisituletee sumu ya risasi

Usiku wa manane kuamkia Oktoba 15, 2016, katika jumba la mikutano la Kigali Convention Centre, Kimihurura, karibu nchi 200 zilikubaliana kupunguza gesi za HFC zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi. Makubaliano hayo yanajulikana duniani kote kwa jina la Kigali. Afrika Mashariki iliketi mezani kama mwenyeji, na nchi zake zilikuwa na la kusema kuhusu kemikali ambazo hazitengenezi.

Kuna kemikali nyingine inayokuja, na safari hii imo ndani ya mwanga wenyewe.

Wanasayansi wanaziita nukta za kwantamu. Ni chembe zenye upana wa nanometa chache tu, na rangi ya mwanga wake hutegemea ukubwa wake: ndogo hutoa buluu, kubwa hutoa nyekundu. Waliozigundua walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Aina inayosisimua maabara kwa sasa ni ya perovskaiti, ambayo kundi la Maksym Kovalenko mjini Zurich liliitangaza mwaka 2015. Rangi zake ni safi ajabu na kuzitengeneza si kazi ngumu. Ila kiini chake ni madini ya risasi.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kufundishwa risasi ni nini. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watoto wenye sumu mwilini, na ilibidi Phyllis Omido na wenzake waende mahakamani kudai haki. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya iliamriwa mwaka 2020, ikapingwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Hiyo ni miaka mingi baada ya kiwanda kufungwa.

Watetezi wa teknolojia hii wana hoja, nayo si ya kubeza. Utando wa nukta hizi ni mwembamba mno, na risasi iliyomo katika televisheni moja ni kidogo sana ikilinganishwa na ile ya betri ya gari. Hata televisheni za zamani zenye mgongo zilikuwa na risasi nyingi kwenye kioo chake. Lakini ile ilikuwa imefungwa ndani ya kioo. Ya perovskaiti huharibika kwa unyevu, na chumvi zake za risasi huyeyuka majini. Kifaa kilichotupwa Dandora wakati wa masika hakitasubiri kusafirishwa hadi kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki cha Bugesera.

Je, risasi inaweza kuondolewa? Inaweza, ila ina gharama yake. Mbadala wa karibu kabisa ni bati, lakini bati la aina hiyo likikutana na hewa hubadilika na mwanga hufifia. Mwaka 2018 watafiti wa Wuhan walichanganya fedha, sodiamu na indiamu pamoja na bismathi kidogo, wakapata mwanga mweupe wenye ufanisi wa asilimia 86 hivi uliodumu zaidi ya saa 1,000. Ulikuwa unga, si nukta. Kuufikisha kwenye nukta zinazong'aa vilevile na zisizochakaa ndiyo kazi iliyobaki.

Na hapo ndipo kanda hii inapojipunja. Bati huchimbwa Rutongo, si mbali na Kigali. Huchimbwa Walikale na huchimbwa Kyerwa. Linaondoka likiwa malighafi, kisha linarudi ndani ya simu. Swali la jinsi ya kulifanya bati lisichakae lingeweza kutafutiwa jibu hapahapa. Taasisi ya EAIFR ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyoanza mwaka 2018 ikishirikiana na kituo cha ICTP cha Trieste, inasomesha fizikia ya maada, na hesabu za awali za vifaa kama hivi hufanywa kwa kompyuta kabla ya chupa yoyote kuguswa. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, EASTECO, makao yake yako Kigali hiyohiyo. Kuziunganisha taasisi hizi na maabara za Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kwa mradi mmoja si ndoto.

Sheria nayo isisubiri maabara. Jumuiya tayari ina viwango vya pamoja vinavyoweka kikomo cha risasi kwenye rangi za nyumba kuwa sehemu 90 kwa milioni. Ulaya inaruhusu asilimia 0.1 kwenye vifaa vya kielektroniki. Jumuiya iweke chake kabla bidhaa hazijajaa Mombasa na Dar es Salaam, na kipimo kichukuliwe kwenye utando wenyewe. Kikichukuliwa kwa uzito wa televisheni nzima, kila televisheni itapita.