Uti wa Mgongo: Saa za Kwanza Ndizo Zenye Kazi



Katika vijiji vyetu neno homa na neno malaria yamekuwa kama neno moja. Mtu akiamka mwili wa moto na kichwa kinagonga, jirani anamwambia ana malaria, mwenye duka la dawa anamwuzia dawa ya malaria, naye anameza bila shaka yoyote moyoni. Hatulaumiani kwa mazoea hayo. Malaria ilituua sana, na tulifundishwa kuiogopa. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi watu walivyokusanyika vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakatoka na majembe. Lilikuwa somo zuri.

Lakini hali imebadilika. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 na 2008, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa na vijidudu vya malaria. Mwaka 2022 walikutwa 8 katika kila 100. Iko mikoa ambayo bado ina malaria nyingi kuliko hivyo, lakini ni dhahiri kwamba homa nyingi za watoto wetu leo si malaria. Moja ya homa hizo ni ya uti wa mgongo. Si ya kila siku, lakini ikija haingoji.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Mtu akisikia uti wa mgongo hufikiri ni ugonjwa wa mgongo, akatafuta mtu wa kumkanda. Ubongo wetu, pamoja na uti unaoshuka ndani ya mifupa ya mgongo, umefunikwa kwa ngozi nyembamba sana, na katikati ya ngozi hizo yamo maji maangavu. Vijidudu vikiingia humo, ngozi hizo huvimba na maji huchafuka. Kwa hiyo huu ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na ukivimba hauna mahali pa kwenda.

Dalili zake ni homa, kichwa kuuma kupita kiasi, kutapika, macho kuogopa mwanga na shingo kukakamaa. Mlaze mgonjwa chali, umwinue kichwa polepole ili kidevu kifike kifuani. Akilia kwa maumivu, au shingo ikikataa kukunjika, usijadiliane na mtu, mpeleke kwa mganga. Pia mgonjwa anaweza kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, kusinzia asiamke vizuri, au kupatwa na degedege. Mtoto mchanga ni mgumu zaidi kumsoma, kwa sababu shingo yake inaweza kubaki laini hivyo hivyo. Yeye mtazame utosi kama umevimba, msikilize kama analia kilio chembamba kisichotulizwa hata akibebwa, na uone kama ameacha kunyonya. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri jana na leo anakataa ziwa, huyo ni wa kupelekwa zahanati hata kama hana moto mwilini.

Juu ya degedege bado tuna kazi. Wapo wanaosema linaletwa na ndege au pepo, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Basi hupelekwa kwanza kufukizwa moshi na kuogeshwa dawa, na siku mbili zinapita. Sitaki kuwatukana wazee wetu, maana mama anayemwona mtoto wake akikakamaa na macho kugeuka anatafuta msaada ulio karibu. Ila nasema wazi: degedege lenye homa linaweza kuwa malaria kali, na linaweza kuwa uti wa mgongo, na yote mawili yanatibiwa kwa dawa inayoingia mwilini kwa sindano. Mwenye kuvumba na avumbe baadaye, mtoto akiwa amekwisha kuchomwa.

Sasa tuingie ndani ya zahanati, kwa sababu si wananchi peke yao wanaopoteza muda. Kipimo cha haraka cha malaria ni chombo kizuri. Kasoro iko kwetu, tunapokifanya kiwe hakimu wa kila kitu. Kikionyesha hakuna malaria, mgonjwa hupewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani, wakati hapo ndipo ilipofaa kuuliza: kama si malaria, ni nini basi? Na kikionyesha malaria ipo, mtafutaji huacha kutafuta. Katika sehemu zenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vijidudu hivyo katika damu huku kinachomwua ni kitu kingine. Mtoto mwenye malaria katika kipimo, na shingo ngumu au asiyejitambua, atibiwe magonjwa yote mawili mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Kuikunja shingo ya mgonjwa hakuhitaji umeme wala fedha.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya watu sita wanaopata uti wa mgongo wa bakteria, mmoja hufa, na kati ya watano wanaopona, mmoja hubaki na madhara makubwa. Mwezi Aprili 2025 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima juu ya kuutambua na kuutibu ugonjwa huu. Msisitizo wa waganga siku zote ni mmoja: dawa ianze upesi iwezekanavyo, na hospitalini isipite saa moja. Kwa hiyo mimi naona mganga wa zahanati anayemwandikia mgonjwa huyu barua ya kwenda hospitali ya wilaya, bila kumpa sindano ya kwanza ya dawa ya kuua bakteria, amefanya nusu ya kazi. Barua haitibu. Kama barabara ni ya saa tatu, hizo ni saa tatu ambazo vijidudu vinazaana. Mwongozo wa kuwatibu watoto wagonjwa unaotumika katika zahanati unataka mtoto mwenye dalili za hatari apewe sindano hiyo kabla ya safari, degedege lizuiwe, na apate sukari mwilini, kwa maziwa ya mama au maji ya sukari kama anaweza kumeza. Wewe mzazi unayo haki ya kuuliza kwa heshima: "Mganga, amepata sindano ya kwanza?"

Jambo linalonipa taabu zaidi liko hospitalini. Daktari anasema anataka kuchukua maji ya mgongo ili ayapime, na ndugu wa mgonjwa wanakataa. Wanasema fulani alichomwa akafa, fulani alichomwa akapooza. Tutazame habari hizo zinavyozaliwa. Mgonjwa amekaa nyumbani siku nne. Anafikishwa hospitali hajitambui. Anachomwa jioni, usiku anafariki. Waliomsindikiza wanarudi kijijini na jambo moja waliloliona kwa macho, nalo ni sindano. Siku nne za kukaa nyumbani hakuna anayezisimulia.

Kipimo chenyewe kinafanywa hivi. Mgonjwa hulazwa ubavu, akakunjwa magoti kuelekea tumboni, ili mifupa ya mgongo iachane. Mganga husafisha ngozi, kisha huingiza sindano nyembamba sehemu ya chini ya kiuno. Uti wenyewe hauko hapo, umeishia juu yake. Pale chini kuna nyuzi za mishipa zinazoelea ndani ya maji, na sindano huzipitia kama mkono unavyopita kati ya majani ya mtoni. Yanachukuliwa matone machache. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, hivyo kilichochukuliwa hurudishwa kwa muda mfupi. Kichwa kinaweza kuuma siku moja mbili. Madhara makubwa ni nadra sana, na daktari huangalia kwanza kama kuna dalili kwamba ubongo umebanwa. Akiziona, huahirisha kipimo, lakini dawa haiahirishwi.

Kwa nini ahangaike? Kwa sababu maji hayo yanasema. Yakiwa maangavu kama ya kisimani ni habari moja, yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele ni habari nyingine. Darubini huonyesha ni kijidudu gani, na dawa hufuata kijidudu. Uti wa mgongo wa kifua kikuu huja taratibu, kwa majuma, na dawa yake ni ya miezi mingi. Upo pia unaoletwa na kuvu, unaowapata hasa watu wenye Virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka, nao hautibiwi kwa dawa za bakteria. Mtu anayejijua ana virusi hivyo na kichwa kinamwuma wiki nzima bila kuacha, asinunue vidonge dukani. Bila kupima, daktari anatibu gizani.

Na mkifika hospitali semeni kweli kuhusu dawa alizokwisha kumeza. Vidonge vitatu vya kuua bakteria vilivyonunuliwa dukani havitaponya ugonjwa huu, ila vinaweza kuvificha vijidudu visionekane katika kipimo. Daktari akijua, atayasoma majibu vingine. Hakuna atakayewafunga kwa sababu hiyo.

Nadhani serikali za vijiji nazo zina sehemu yake. Magonjwa haya hupenda usiku. Kila kitongoji kinaweza kujua leo ni pikipiki ya nani itakayomchukua mgonjwa, na mafuta yanalipwa kutoka mfuko gani. Tunachangia harusi miezi mitatu kabla, kwa hiyo kuchanga tunakuweza.

Chanjo zipo na zinafanya kazi. Tangu mwaka 2009 watoto wetu wanapata chanjo yenye kinga tano, ambayo moja yake huzuia kijidudu cha Hibu kinacholeta uti wa mgongo, na mwanzoni mwa mwaka 2013 iliongezwa ya nimonia, ambayo nayo huzuia bakteria mwingine wa ugonjwa huu. Zote hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Haziwezi kuzuia kila aina ya uti wa mgongo, kwa hiyo hata aliyechanjwa apelekwe akionyesha dalili.

Dawa zikianza, zimalizwe. Sindano za hospitali huendelea kwa kawaida siku 7 hadi 14, kufuatana na kijidudu na umri. Siku ya nne mtoto huanza kucheza kitandani, na mama anafikiria shamba na wadogo waliobaki nyumbani, anaomba kuondoka. Asiondoke. Na siku ya kuruhusiwa aulize lini mtoto atapimwa masikio, kwa kuwa ugonjwa huu huiba usikivu kimya kimya. Mtoto anaweza kurudi shuleni, mwalimu akamwita mtukutu na mvivu, kumbe hasikii. Ukimwita kwa jina ukiwa nyuma yake, mara mbili, tatu, asigeuke, mrudishe hospitali juma hilo hilo, na uchukue kadi yake.