Mjaribu Programu Asiitwe Mwisho

Fundi cherehani wa hapa Mpendae hangoji kanzu ikamilike ndipo aulize upana wa mabega. Ajabu ni kwamba jambo tulikubalilo katika kitambaa huonekana geni katika programu za kompyuta.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, 2013, matokeo ya awali yaliyotangazwa Nairobi yalionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya laki tatu. Tume ya Uchaguzi ikaja kueleza kwamba programu ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo kwa nane. Hesabu ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa 108,975. Kosa la namna hiyo hufichuliwa kwa jaribio dogo mno: ingiza kura 1 iliyokataliwa, kisha utazame jumla inasema ngapi.

Zamani mjaribu programu aliitwa kazi ikiwa imekwisha, siku ya uzinduzi imetangazwa na wageni wamealikwa. Nani angethubutu kumwambia mkubwa wake kwamba bado? Siku hizi, katika miradi mingi, huketi na waandishi wa programu tangu mwanzo. Ni vyema, lakini kiti peke yake hakitoshi. Kiongozi wa mradi hana budi kutamka mapema, mbele ya wote, kwamba mjaribu akisema "bado", uzinduzi utaahirishwa.

Walimu wa kompyuta waweza kulianza jambo hili darasani: wampe mwanafunzi mmoja, si lazima aliye hodari kuliko wote bali aliye mdadisi, haki ya kuizuia programu ya wenzake.