MBOGA NI KAZI YA NANI?



Mkoa wetu wa Rukwa unasifika kwa chakula. Malori hutoka Sumbawanga yamejaa mahindi na maharage kwenda kulisha watu wa mijini, na hilo ni jasho letu. Lakini utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulikuta kwamba hapa Rukwa, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, karibu 50 wamedumaa. Kwa Tanzania yote ni 30. Waliotuzidi ni Iringa na Njombe tu, nao ni watu wa chakula kama sisi. Sasa jamani, ghala limejaa na mtoto hakui. Mbona hivyo?

Sababu ni nyingi: maji machafu, kuhara, mama mjamzito kubebeshwa kazi nzito. Karatasi hii haitoshi kuzieleza zote. Mimi nasema juu ya sahani. Asubuhi uji mtupu, jioni ugali na maharage, kesho vilevile. Mtu anashiba, lakini kushiba ni kitu kimoja na kujengeka mwili ni kingine. Maharage yana madini ya kuongeza damu, ila mwili unayapokea vizuri zaidi yakiliwa pamoja na matunda au mboga zisizopikwa sana. Na mtoto anajengwa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka atimize miaka 2. Zikipita, zimepita.

Wazee wanakumbuka mwaka 1972 TANU ilipotoa lile Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakikaa vikundi kusikiliza redio. Mashamba tuliyashika. Bustani ya mlangoni tukawaachia akina mama, na baadhi yetu wanaume mpaka leo tunasema mboga siyo kazi ya mwanaume. Lakini ikikosekana mezani nani wa kwanza kununa?

Wengine husema, tuuze maharage tukanunue kabichi mjini. Haya, uza. Hesabu nauli, hesabu na siku iliyopotea, halafu hesabu ni mara ngapi kwa mwezi hiyo kabichi ilifika nyumbani kwako kweli.

Masika hatuna shida kubwa. Majani ya maboga yapo, kunde ipo, mnavu unajiotea wenyewe. Taabu inaanza Mei mvua ikikatika, mpaka Novemba. Hapo ndipo bustani inatakiwa. Wala sisemi ekari. Nasema matuta 3 karibu na jiko, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Tuta kama hilo likifunikwa nyasi kavu, ndoo moja ya maji jioni inalitosha. Panda figiri, chainizi, kabichi na karoti, hivi havichukii baridi yetu. Mchicha nao unaota, ila Juni na Julai unasinzia, usiukasirikie. Maji yenye sabuni usiyamwage kwenye majani ya kula. Yapeleke penye shina la mti wa matunda.

Na mbolea tunayo. Babu zetu Wafipa hawakuchoma nyasi shambani ovyo, walizifukia ndani ya intumba, zikaoza, juu wakapanda maharage, msimu wa pili wakalibomoa tuta na kusambaza ule udongo mweusi. Wataalamu wametoka mbali kuja kuandika habari za intumba, na sisi leo tunachoma mabua! Fukia mabua na maganda ya maharage kwenye tuta la mboga, ongeza samadi iliyooza.

Matunda pia ni hivyohivyo, panda kinachokubali hapa. Embe na papai tuwaachie ndugu zetu wa bonde la Ziwa Rukwa na wa mwambao wa Tanganyika, huku juu baridi inavionea. Pasheni inapanda kwenye uzio na kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Matunda damu yanataka kama miaka 2. Pichesi na parachichi zinataka subira zaidi, lakini mtoto anayezaliwa mwaka huu atazikuta.

Jambo jingine. Juzi darasani kwetu, kisomo cha jioni, tulisoma maandishi ya pakiti ya mbegu. Mama mmoja akaonyesha kwa kidole: muda wa mbegu ulikwisha mwaka jana. Pakiti ile ilinunuliwa kwa pesa nzima. Anayesema yeye mzee, kusoma kutamfaa nini, aje aulize.

Sasa nafika penye ugomvi wetu, yaani mbuzi. Baada ya mavuno tunawafungulia wazurure, na bustani ya mwenzako inaliwa kwa usiku mmoja. Mama amechota maji miezi 2, mbuzi wa jirani anamaliza, na mwenye mbuzi anasema "mbuzi hana akili." Mbuzi hana, wewe je? Uzio wa miti na miiba ni kazi ya siku 2 kwa mwanaume mmoja, na kamba ya kumfungia mbuzi siyo mali ya kumfilisi mtu.

Chama hakitungi sheria ndogo. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 hiyo ni kazi ya Halmashauri ya Kijiji, kisha hupelekwa Wilayani kuidhinishwa. Lakini kusema tunaruhusiwa. Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao nitaomba jambo la kufunga mbuzi kiangazi liingizwe kwenye ajenda. Wenye mbuzi wengi njooni mseme, msibaki kunung'unikia kilabuni. Akina mama nanyi msikae nyuma kimya, bustani ni zenu na watoto ni wetu sote.

Mwenye miche ya pasheni ya ziada ailete ofisi ya Ushirika, tutaandika majina ya wanaohitaji.

Katibu wa Chama, Tawi